Bastola ya mchezo inapovikwa chuma: kinachoongezeka na kinachopotea

Na Mwandishi Wetu

BASTOLA ya mchezo na bastola ya askari zinaweza kulazwa mezani ubavu kwa ubavu, na mtu mzima mwenye macho mazuri akashindwa kuzitofautisha. Akizinyanyua ndipo hubaini. Moja ni nzito na baridi, nyingine ni nyepesi na plastiki yake hulia tupu ikigongwa kwa ukucha.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokuza biashara ya aina yake duniani: uuzaji wa seti za vipuri vya chuma vya kuvisha bastola za mchezo uitwao eyasofti, ambao wachezaji wake hurushiana gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6 wakiwa wamevaa miwani ya kukinga macho.

Wengi wanaonunua seti hizo huamini kwamba chuma huipa bastola nguvu zaidi. Imani hiyo si sahihi. Chuma chenyewe hakiongezi kasi ya gololi. Kinachobadilika ni uzito, mlio, matumizi ya gesi na, jambo zito kuliko yote, sura ya kitu hicho machoni pa mtu asiyejua kuwa ni cha kuchezea.

Makala haya yanaeleza namna seti hiyo inavyofungwa, kinachotokea ndani ya bastola baada ya kufungwa, na sababu ya mataifa kadhaa kuutungia sheria mchezo ambao kwa mtazamo wa haraka ni burudani tu.

Ilikotoka plastiki

Eyasofti ilizaliwa Japani katika miaka ya 1970 na kuenea katika miaka ya 1980. Nchi hiyo ina sheria kali za silaha tangu mwaka 1958, na raia wa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola halisi. Wapenzi wa silaha wakageukia mifano yake.

Awali mifano hiyo ilitengenezwa kwa chuma. Serikali ya Japani iliingiwa na wasiwasi kwamba inafanana mno na silaha za kweli na kwamba mafundi waovu wangeweza kuigeuza. Mwaka 1971 ikaamuru kwamba mfano wowote wa bastola uliotengenezwa kwa chuma upakwe rangi nyeupe au ya njano, na mtutu wake uzibwe. Mwaka 1977 masharti yakakazwa zaidi.

Sasa bastola ya eyasofti haiwezi kuzibwa mtutu kisha iendelee kurusha gololi. Kwa hiyo viwanda vya Japani, kikiwamo kile mashuhuri cha Tokyo Marui, vilibaki na plastiki kwa sehemu za nje za bastola. Wanaotaka uzito kidogo hutumia plastiki iliyochanganywa na unga wa chuma, ambayo ni nzito zaidi lakini kisheria bado si chuma.

Pengo hilo lilizibwa na majirani. Viwanda vya Taiwan, kama vile Guarder, vilianza kutengeneza sehemu za alumini zinazoingia moja kwa moja katika bastola za Kijapani. Viwanda vingine vya huko huuza bastola ambazo tangu mwanzo zimeundwa kwa chuma. Bidhaa hizo zinauzwa kwa uhuru katika nchi nyingi, lakini si katika nchi ulikozaliwa mchezo wenyewe.

Ndani ya bastola ya gesi

Ili kuelewa kazi ya seti ya chuma, ni vema kwanza kufahamu jinsi bastola ya gesi inavyofanya kazi.

Gesi huhifadhiwa ikiwa kimiminika ndani ya magazini, yaani kile kibweta kinachoingizwa kwenye mpini. Humo humo hukaa gololi. Mchezaji akivuta kifyatulio, nyundo ndogo hupiga vali ya magazini, nayo hufunguka na kuachia mvuke wa gesi.

Mvuke huo hupanda juu na kufanya kazi mbili kwa kufuatana. Kwanza huisukuma gololi kupitia mtutu mwembamba wa ndani, ambao kwa kawaida ni wa shaba. Gololi inapotoka, vali nyingine ndogo hugeuza njia ya mvuke, nao husukuma pistoni iliyo nyuma. Pistoni hiyo hukirudisha nyuma kipande chote cha juu cha bastola, ambacho katika makala haya tutakiita kitelezi.

Kitelezi kinaporudi nyuma huikokota nyundo na kuitega tena. Springi iliyo chini ya mtutu hukirejesha mbele, nacho huchukua gololi nyingine kutoka kwenye magazini. Yote hayo hutokea katika sehemu ndogo ya sekunde.

Hapo ndipo jibu la swali la nguvu lilipo. Gololi husukumwa na mvuke kabla ya kitelezi kufanya safari yake. Kasi yake hutegemea shinikizo la gesi, urefu na wembamba wa mtutu wa ndani, na uzito wa gololi yenyewe. Kitelezi kiwe cha plastiki au cha alumini, gololi haijui.

Kilichomo ndani ya seti

Seti kamili huwa na kitelezi cha alumini, mtutu wa nje wa chuma, springi ngumu zaidi ya kurejesha kitelezi pamoja na fimbo yake ya kuiongoza. Baadhi ya seti huongeza fremu, nyundo ya feleji na springi ngumu ya nyundo.

Alumini huchaguliwa kwa sababu za hesabu. Sentimita moja ya ujazo ya plastiki inayotumika katika bastola hizi ina uzito wa takriban gramu 1.05. Ya alumini ina gramu 2.7, na ya feleji hupita gramu 7.8. Kwa umbo lilelile, kitelezi cha alumini huwa kizito zaidi ya mara mbili na nusu ya kile cha plastiki, na cha feleji zaidi ya mara saba. Gesi ya kawaida inaweza kukisukuma cha kwanza, lakini kwa cha pili huhemewa.

Ufungaji wake

Kazi huanza kwa usalama. Magazini hutolewa, kitelezi huvutwa nyuma, na chemba huangaliwa kwa macho ili kuhakikisha hakuna gololi iliyobaki. Mafundi wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba kutoa magazini kunatosha. Gololi moja inaweza kuwa imekwisha kuingia juu.

Kisha kitelezi hutolewa kwenye fremu kwa kufungua kishikizo chake, na springi ya kurejesha hutolewa pamoja na fimbo yake. Mtutu hufuata. Ndani ya mtutu wa nje kuna mtutu wa shaba na kijumba cha mpira kinachoipa gololi mzunguko ili iende mbali bila kuanguka mapema. Viungo hivyo viwili havibadilishwi, bali huhamishwa kama vilivyo.

Sehemu ngumu ni nyuma ya kitelezi, inakokaa pistoni na bomba dogo linaloipokea gololi. Bomba hilo hurudishwa na springi nyembamba kama uzi, nayo hupenda kuruka na kupotea chini ya meza. Ni busara kuifanyia kazi hiyo juu ya kitambaa cheupe, na kupiga picha ya kila hatua kabla ya kufungua skrubu inayofuata.

Baada ya viungo vyote kuhamishiwa kwenye kitelezi kipya, kwa kawaida hakitakaa vizuri mara ya kwanza. Alumini haipindi kama plastiki, na viwanda viwili tofauti havipimi kwa usahihi uleule. Fundi hupitisha kitelezi kikavu kwenye reli za fremu, hutazama kinapokwaruza, kisha husugua mahali hapo tu kwa msasa laini wenye maji. Tupa haitakiwi, kwani kilichokatwa hakirudi.

Kipimo cha kazi nzuri ni rahisi. Bila springi, kitelezi kinatakiwa kuteleza kwa uzito wake chenyewe bastola ikiinamishwa. Kikikwama, msasa urudi kazini.

Mafuta nayo yana masharti. Yatumike ya silikoni pekee. Mafuta ya injini na grisi ya baiskeli huvimbisha pete za mpira zinazozuia gesi kuvuja, na huidhoofisha plastiki ya fremu. Skrubu za nyuma huwekewa tone dogo la gundi ya kuzuia kulegea, kwa kuwa mtikisiko wa chuma ni mkubwa kuliko ule wa plastiki.

Mwisho ni majaribio. Bastola hurushwa mara chache kwa gesi kidogo na bila gololi, huku fundi akiwa amevaa miwani ya kinga. Kama kitelezi kinafika nyuma kabisa na kurudi bila kusita, magazini inaweza kujazwa.

Uzito una gharama

Mchezaji atakayefyatua bastola iliyovikwa chuma atahisi mara moja teke kubwa zaidi mkononi, na atasikia mlio wa chuma kugonga chuma. Hilo ndilo alilolilipia.

Hata hivyo, kila teke lina bei yake katika gesi. Kitelezi kizito kinahitaji mvuke mwingi zaidi ili kufika nyuma, hivyo magazini iliyojaa hufyatua mara chache zaidi kuliko awali. Aidha, kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto kutoka kwenye magazini. Mtu akifyatua mfululizo, magazini hupoa, shinikizo hushuka, na kitelezi huanza kuzembea.

Kwa miaka mingi gesi iliyozoeleka Japani imekuwa HFC-134a, ileile iliyotumika katika majokofu na viyoyozi vya magari. Katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, shinikizo lake ni takriban baa 5.7, zikihesabiwa pamoja na shinikizo la hewa. Katika nyuzi 10 hushuka hadi baa 4 na ushei. Kitelezi cha plastiki huvumilia hali hiyo, lakini cha alumini huweza kuishia njiani.

Gesi hiyo ina doa jingine. Kwa uzito uleule, na kwa hesabu ya miaka 100, huongeza joto la dunia mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa. Ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua katika Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa katika mji mkuu wa Rwanda Oktoba 2016.

Nje ya Japani wachezaji wengi hutumia propeni iliyotiwa mafuta ya silikoni. Shinikizo lake katika nyuzi 20 hukaribia baa 8.4, na katika nyuzi 30 hupita baa 10. Gesi hiyo hukisukuma kitelezi cha alumini bila taabu, lakini ndiyo ileile iliyomo katika mitungi mingi ya kupikia. Inashika moto, na haipaswi kujazwa karibu na jiko wala sigara.

Kutoka kwenye gesi hadi kwenye sheria

Hapa ndipo chuma, ambacho chenyewe hakiongezi nguvu, kinapofungua mlango wa nguvu. Kitelezi cha plastiki hupasuka kikipigwa na gesi kali kwa muda mrefu, na mpasuko huo ni kama breki iliyowekwa na kiwanda. Cha alumini hakipasuki upesi. Mwenye bastola anakuwa huru kutumia gesi kali zaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoongeza kasi ya gololi.

Hesabu yake inafaa kujulikana na kila mzazi. Gololi ya gramu 0.2 ikitoka kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde huwa na nishati ya jouli 1. Kasi ikipanda hadi mita 120, nishati hufika jouli 1.44. Yaani ongezeko la asilimia 20 la kasi ni ongezeko la asilimia 44 la nishati.

Risasi ya bastola halisi ya milimita 9 hubeba takriban jouli 500. Kwa kulinganisha, gololi ya plastiki ni kitu kidogo. Lakini jicho halihitaji jouli 500 ili lipofuke.

Japani ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2005 magari yalishambuliwa katika barabara kuu za magharibi mwa nchi hiyo kwa bunduki za hewa zilizoongezwa nguvu. Mwaka 2006 bunge likarekebisha sheria na kuweka kikomo cha jouli 3.5 kwa kila sentimita ya mraba ya gololi. Kwa gololi ya milimita 6, kikomo hicho ni takriban jouli 0.98. Kinachozidi hapo si kichezeo tena.

Kwingineko vipimo vinatofautiana. Hong Kong inahitaji leseni kwa chombo kinachozidi jouli 2. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, imeweka jouli 2.5 kwa bunduki za eyasofti zinazofyatua gololi moja moja, na jouli 1.3 kwa zile zinazomimina mfululizo. Bastola yenye jouli 1.44 ni halali London na ni kosa Tokyo.

Alama inayopotea

Mbali na nguvu, kuna suala la sura, nalo ndilo lililogharimu maisha.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1988 inataka bastola za kuchezea, zikiwamo za eyasofti, ziwe na alama ya rangi ya chungwa kwenye ncha ya mtutu zinapouzwa. Mara nyingi alama hiyo imo kwenye mtutu wa nje wa plastiki. Mtutu wa chuma unaokuja ndani ya seti huwa mweusi au wa rangi ya fedha. Fundi anapoutoa mmoja na kuuweka mwingine, alama imekwenda, hata kama hakuwa na nia hiyo.

Novemba 22, 2014, katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, polisi walimpiga risasi mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, aliyekuwa akichezea bastola ya eyasofti katika bustani ya umma. Alama ya chungwa haikuwapo. Polisi alifyatua sekunde chache tu baada ya gari lao kufika, na mtoto huyo alifariki siku iliyofuata. Mwaka 2016 jiji hilo lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 6.

Tukio hilo halikuwa la pekee. Gazeti la The Washington Post lilihesabu watu 86 waliouawa na polisi wa Marekani katika miaka ya 2015 na 2016 wakiwa na silaha zilizofanana na za kweli, kumbe si za kweli.

Uingereza imechukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika kwa silaha bandia Oktoba 2007, haikatazi tu kuuza na kuingiza silaha bandia zinazofanana na za kweli. Inakataza pia kuibadilisha silaha bandia hadi ifanane na ya kweli. Kwa maneno mengine, mtu aliyenunua bastola ya rangi ya buluu au ya chungwa, kisha akaivika kitelezi cheusi cha chuma sebuleni kwake, anaweza kuwa ametenda kosa. Wachezaji wa eyasofti wana kinga maalumu, lakini kwa sharti kwamba mchezo uwe umeandaliwa na una bima.

Katika ukanda wetu, taarifa za polisi kuhusu ujambazi si mara moja zimetaja bastola bandia miongoni mwa vitu vilivyokamatwa. Sheria ya silaha ya Kenya inaitaja silaha bandia pamoja na ya kweli pale inapotumika kwa nia ya kutenda kosa la jinai. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: anayenyooshewa mtutu usiku hapimi jouli.

La kuzingatia

Kwa anayecheza mahali mchezo unaporuhusiwa, ufundi huu si uhalifu wala si siri. Ni kazi ya mikono inayofundisha subira, vipimo na hata fizikia.

Lakini kabla ya kushika bisibisi, kuna mambo manne ya kutekeleza. Kwanza, asome sheria ya nchi yake kuhusu silaha bandia. Pili, kama sheria inataka alama ya rangi, airejeshe kwenye mtutu mpya kabla bastola haijatoka mezani. Tatu, apime kasi ya gololi kwa kifaa cha kupimia kila anapobadilisha gesi au springi. Nne, asiibebe bastola hiyo mahali pa wazi, bali ndani ya mkoba uliofungwa, kutoka nyumbani hadi uwanjani na kurudi.

Sharti la nne ndilo linalopuuzwa zaidi, ingawa halihitaji fedha wala ufundi. Mwenye bastola anajua kwamba ndani yake mna gololi za plastiki. Askari aliye umbali wa mita kumi hajui, na chuma kilichofungwa kwa ustadi kimekwisha kumwondolea kila dalili ya kumsaidia kujua.